Pima si Kilo: Jinsi ya Kusoma na Kubadili Vipimo vya Mionzi

Fundi wa mashua wa Jibondo hahitaji somo la kubadili vipimo. Shibiri mbili ni mkono, mikono miwili ni wari, wari mbili ni pima. Mtajie ubao wa pima tatu, atakwambia ni mikono kumi na miwili kabla hujamaliza kusema. Sasa mwulize hizo pima tatu ni kilo ngapi. Atakutazama kwanza, halafu naye atakuuliza: "Za mti gani? Upana gani? Mbichi au mkavu?"

Maswali hayo ndiyo utakayoyahitaji kila ukipewa karatasi yenye namba za mionzi. Zipo namba unazoweza kuzibadili kwa kuzidisha au kugawanya tu, na zipo ambazo huzibadili mpaka uulize kwanza ni za kitu gani na kimemfikiaje mtu. Wengi wanaokosea hapa wanajua hesabu vizuri. Hawakuuliza.

Karatasi hizi zinakufikiaje Jibondo?

Pweza anayenaswa mwambani wakati wa bamvua hakai sana kisiwani. Anapanda mizani ya mchuuzi, anaingia kwenye barafu, anavuka kwenda kiwandani, na pweza wengi wa pwani yetu huishia kwenye meza za Ulaya. Njiani hukutana na karatasi. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC), iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003 kushika nafasi ya Tume ya Taifa ya Mionzi ya 1983, ndiyo yenye kazi ya kupima mionzi katika vyakula vinavyoingia na kutoka nchini na kuvitolea cheti. Maabara zake kubwa ziko Njiro, Arusha. Mvuvi ni nadra kukiona cheti chenyewe, lakini maneno yake humfikia kwa sura ya bei: "Mzigo wenu umesoma juu." Umesoma juu kwa kipimo gani? Ukijua kuuliza hilo, hupunjwi kwa kutojua.

Kisha kuna maji. Jibondo ni kisiwa cha jiwe la matumbawe. Maji matamu ni haba, na madumu huvushwa kwa mashua kutoka kisiwa kikubwa cha Mafia. Ripoti ya maabara ya maji ya kisima inaweza kuwa na mistari miwili ya mionzi chini kabisa, ambayo wajumbe wa kamati ya maji huiruka kwa sababu hakuna aliyewaeleza.

Na kuna hospitali. Mgonjwa wa saratani anayetoka Mafia akipewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hurudi na barua zenye "Gy", na pengine "mCi". Barua hizo husomwa na ndugu wenye hofu.

Familia tatu za vipimo

Kabla ya kushika kikokotoo, jua namba yako ni ya familia ipi.

*Familia ya kwanza inasema kitu kinatoa mionzi kwa kasi gani.* Atomu nururifu hazitulii. Moja baada ya nyingine huvunjika, na kila inayovunjika hutoa mionzi. Bekereli 1 (Bq) ni atomu moja inayovunjika kwa sekunde moja. Kipimo cha zamani ni kyuri (Ci), kilichotokana na gramu 1 ya radiamu: atomu bilioni 37 kwa sekunde. Bekereli ni ndogo mno na kyuri ni kubwa mno, ndiyo maana utaona karibu kila mara zimetanguliwa na herufi nyingine.

*Familia ya pili inasema kitu kilichopigwa na mionzi kimepokea nishati kiasi gani.* Hapa yuko grei (Gy), yaani juli 1 ya nishati kwa kila kilo ya mwili au kitu. Mzee wake ni rad.

*Familia ya tatu inasema mtu amepata uzito gani wa madhara.* Hapa yuko siveti (Sv), na mzee wake ni rem. Siveti huanza na grei, kisha hupima aina ya mionzi na kiungo kilichopigwa. Mionzi ya alfa, kwa mfano, huhesabiwa mara 20 ya mionzi ya gama kwa nishati ileile, kwa sababu huharibu chembe hai kwa ukali zaidi.

Kwa nini kuna vipimo vya zamani na vipya? Bekereli na grei zilikubaliwa kimataifa mwaka 1975, na siveti ikafuata 1979, ili vipimo vya mionzi viendane na mita, kilo na sekunde. Marekani haikuviacha vya zamani. Kwa hiyo mashine iliyotengenezwa huko, kitabu cha huko, au mtaalamu aliyesomea huko, atakuletea kyuri, rad na rem hadi leo.

> SANDUKU LA 1: NAMBA ZA KUKARIRI
>
> Ci 1 = GBq 37
> mCi 1 = MBq 37
> µCi 1 = kBq 37
> nCi 1 = Bq 37
> pCi 1 = Bq 0.037
> Bq 1 = pCi 27 (kwa kukaribia)
>
> Gy 1 = rad 100
> Sv 1 = rem 100
> mSv 1 = mrem 100
> mrem 1 = µSv 10

Tazama safu ya kyuri. Namba 37 inajirudia. Kinachobadilika ni herufi ya mbele tu. Ukiikariri 37 na ile 27, umemaliza familia ya kwanza.

> SANDUKU LA 2: HERUFI ZA MBELE
>
> T (tera) = mara trilioni
> G (giga) = mara bilioni
> M (mega) = mara milioni
> k (kilo) = mara elfu
> m (mili) = sehemu ya elfu
> µ (maikro) = sehemu ya milioni
> n (nano) = sehemu ya bilioni
> p (piko) = sehemu ya trilioni
>
> Onyo: M kubwa na m ndogo si kitu kimoja. MBq 1 ni mara bilioni moja ya mBq 1. Na ukiona "u" mahali pa "µ", kama uSv, ni maikro. Aliyeandika hakuipata alama hiyo kwenye kibodi yake.

Hatua za kubadili

1. Nakili namba pamoja na kila herufi iliyoifuata. "1,350" peke yake haina maana. "pCi/kg 1,350" ina maana.
2. Tambua familia. Bq na Ci ni ya kwanza, Gy na rad ya pili, Sv na rem ya tatu. Kama unataka kuhama familia, simama hapa. Nenda sehemu ya "Kuvuka familia" hapa chini.
3. Angalia kilicho baada ya mkwaju: kwa kilo, kwa gramu, kwa lita, kwa saa? Kama karatasi inasema kwa gramu na kikomo kinasema kwa kilo, zidisha kwa 1,000 kwanza.
4. Tumia Sanduku la 1.
5. Kagua jibu kwa macho. Ukitoka pCi kwenda Bq namba lazima ipungue, kwa sababu piko-kyuri ni ndogo kuliko bekereli. Ikiongezeka, umezidisha pale ulipopaswa kugawanya.
6. Ndipo ulinganishe na kikomo, kipimo kwa kipimo.

Mfano wa pweza

Tuseme mchuuzi anakuonyesha karatasi: seziamu-137 (Cs-137), pCi/kg 1,350. Anakwambia kikomo cha kimataifa ni 1,000, kwa hiyo mzigo umezidi, kwa hiyo bei inashuka.

Kikomo anachokitaja kipo kweli. Miongozo ya Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, kwa vyakula baada ya ajali ya nyuklia inaweka seziamu-137 kwenye 1,000, lakini ni bekereli kwa kilo. Karatasi yake ni ya piko-kyuri.

1,350 × 0.037 = 49.95. Sema Bq/kg 50.

Kwa njia ya haraka: 1,350 ÷ 27 = 50.

Bekereli 50 ni sehemu ya ishirini ya kikomo hicho. Ni chini hata ya kikomo cha Japani, ambayo tangu Aprili 2012, baada ya ajali ya Fukushima, inakubali Bq/kg 100 tu kwa vyakula vya kawaida. Mzigo ulikuwa mzuri tangu mwanzo. Kilichokosewa ni kuweka pima na kilo kwenye mstari mmoja.

Jambo jingine kwenye karatasi za aina hii ni alama "<". Ukiona "Cs-137: < 2 Bq/kg", usisome kwamba zimo bekereli mbili. Maana yake mashine haikuona kitu, na kama kitu kipo basi ni chini ya kile inachoweza kukiona. Hilo ndilo jibu bora kuliko yote.

Mfano wa maji

Shirika la Afya Duniani linaweka viwango vya kuchuja: jumla ya alfa Bq 0.5 kwa lita, na jumla ya beta Bq 1 kwa lita. Ripoti yako ikisema alfa pCi/L 5, hesabu ni 5 × 0.037 = Bq/L 0.185. Iko chini.

Wapo watakaozidisha kwa dumu zima: lita 20 mara 0.185 ni bekereli 3.7, kisha waseme maji yamezidi 0.5. Hapana. Kikomo ni cha kila lita, na dumu likiwa kubwa au dogo, lita ni lita.

Hata namba ikizidi 0.5, maji hayajahukumiwa. Kiwango hicho ni cha kuchuja tu: ukikipita, maabara huitwa kupima ni elementi gani hasa iliyomo. Na niseme wazi ninavyoona: kisiwa kisicho na maji ya kutosha kianze na vijidudu na chumvi. Maji machafu humwangusha mtoto ndani ya siku moja. Mstari wa mionzi usomwe, lakini usiwafanye mkaacha kuchemsha.

Mfano wa hospitali

Barua ya matibabu ikisema "50 Gy kwa vipindi 25", maana yake grei 2 kila kipindi. Ukikutana na daktari wa zamani au kitabu cha zamani, 50 Gy ni rad 5,000. Wengine huandika cGy, senti-grei. cGy 1 ni rad 1 sawasawa, kwa hiyo cGy 5,000, rad 5,000 na Gy 50 ni dozi moja.

Tafadhali, usiichukue hiyo 50 ukailinganisha na habari ulizosoma kuhusu ajali. Ni kweli kwamba grei 4 hivi zikiupiga mwili mzima kwa mara moja zinaweza kumuua mtu asiyepata matibabu. Lakini 50 za matibabu huelekezwa kwenye sehemu ndogo, kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, ili tishu nzima zipate kupona katikati. Nawaombea wagonjwa wasikimbie matibabu kwa sababu ya ndugu aliyekosea kusoma barua.

Mgonjwa wa tezi anayepewa iodini-131 ya mCi 100 amepewa MBq 3,700, yaani GBq 3.7. Iodini-131 hupungua nusu kila siku 8, na nyingine hutoka kwa mkojo na jasho. Kabla ya kuondoka hospitali aulize hasa kuhusu safari: kukaa saa nyingi bega kwa bega kwenye boti ya Nyamisati–Kilindoni, na mashua ya kumalizia hadi Jibondo, si sawa na kurudi Kinondoni kwa gari. Aulize asubiri siku ngapi, akae mbali na watoto na wajawazito kwa muda gani, na choo na nguo vitunzwe vipi. Awaambie kabisa kwamba anakaa kisiwani na hurudi kwa chombo kilichojaa.

Kwa mfanyakazi wa chumba cha eksirei anayevaa beji ya kupimia mionzi: kikomo chake ni wastani wa mSv 20 kwa mwaka, sawa na rem 2. Mtu wa kawaida ni mSv 1, sawa na mrem 100, bila kuhesabu matibabu na mionzi ya asili.

Kuvuka familia: hapa ndipo penye mti, upana, na mbichi au mkavu

"Bekereli 100 ni siveti ngapi?" Swali hili halijibiki. Ni sawa na kuuliza pima tatu ni kilo ngapi. Ili lijibike, lazima useme:

- ni elementi gani nururifu;
- imeingia kwa kula, kwa kuvuta hewa, au iko nje ya mwili;
- aliyekula ni mtu mzima au mtoto.

Kwa mtu mzima aliyekula, wataalamu wamekwisha kuhesabu. Kila bekereli 1 inayomezwa huleta:

- potasiamu-40: µSv 0.0062
- seziamu-137: µSv 0.013
- iodini-131: µSv 0.022
- poloniamu-210: µSv 1.2

Linganisha seziamu na poloniamu. Bekereli moja ya poloniamu ina uzito wa zaidi ya mara 90 ya bekereli moja ya seziamu. Na poloniamu-210 ni ya asili. Imo baharini tangu kale, na viumbe wa baharini huikusanya zaidi katika viungo vya ndani kuliko katika nyama. Kwa hiyo karatasi mbili zenye "Bq/kg 10" zinaweza kuwa na habari tofauti kabisa.

Sasa hesabu kamili, kwa mtu anayekula gramu 100 za pweza kila siku, pweza mwenye seziamu-137 Bq/kg 50 kama yule wa mfano wetu:

1. Kwa mwaka: 0.1 × 365 = kilo 36.5.
2. Bekereli alizomeza: 36.5 × 50 = 1,825.
3. Dozi: 1,825 × 0.013 = µSv 23.7, yaani mSv 0.024.

Kikomo cha mtu wa kawaida ni mSv 1. Wastani wa mionzi ya asili duniani, kutoka ardhini, angani, hewani na chakulani, ni mSv 2.4 kwa mwaka. Mlaji wetu wa pweza amejiongezea sehemu ya mia ya hiyo.

Makosa yanayojirudia

*Kusahau potasiamu.* Hili linawahusu wakulima wa mwani zaidi kuliko wengine. Kila gramu 1 ya potasiamu, popote ilipo, ina bekereli 31 hivi za potasiamu-40. Maji ya bahari yenyewe yana karibu Bq 12 kwa lita kwa sababu hiyo, na mwili wa mtu wa kilo 70 una zaidi ya Bq 4,000. Mwani unapenda potasiamu. Ukiwa na gramu 50 katika kilo ya mwani mkavu, hiyo ni 50 × 31 = Bq 1,550. Asiyejua atasema umepita 1,000 ya Codex. Lakini kikomo hicho ni cha elementi zinazotokana na ajali kama seziamu, potasiamu-40 haimo. Kwa hiyo usikubali "jumla ya bekereli" bila jina la elementi.

*Kuchanganya mbichi na kavu.* Tuseme kilo 8 za mwani mbichi zimetoa kilo 1 kavu. Bq/kg 80 za mkavu ni Bq/kg 10 za mbichi. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa ila maji. Karatasi iseme ni uzito gani. Kwa papa mkavu na ng'onda ni vivyo hivyo.

*Kusahau tarehe.* Bekereli zilizoandikwa ni za siku ya kipimo. Iodini-131 ya mwezi mmoja uliopita imebaki chini ya sehemu ya kumi. Seziamu-137 huchukua miaka 30 kupungua nusu, kwa hiyo mwezi mmoja haubadili kitu.

*Kuchanganya kasi na jumla.* Mashine ya mkononi husoma kwa saa. µSv/h 0.1 ni usomaji wa kawaida mahali pengi. Kwa mwaka wenye saa 8,760 ni µSv 876. Mashine za zamani husoma mR/h (mili-rontgeni kwa saa), na kwa mionzi ya gama mR/h 1 huchukuliwa kuwa karibu µSv/h 10.

> HATARI: USIBADILI KIPIMO, ONDOKA
>
> Goiânia, Brazili, Septemba 1987: waokota vyuma walifungua mashine ya tiba iliyoachwa kwenye jengo bovu. Ndani mlikuwa na seziamu-137 ya Ci 1,375. Hesabu: 1,375 × 37 = GBq 50,875, yaani karibu TBq 51. Unga uliong'aa ukagawanywa kwa jamaa na majirani. Watu wanne walifariki.
>
> Ukiokota pwani, au ukiletewa kwenye vyuma chakavu, chombo kizito kisicho cha kawaida chenye alama ya mapanga matatu yanayozunguka kitovu: usikifungue, usikibebe kwenye mashua. Sogeza watu mbali, toa taarifa kwa serikali ya kijiji na polisi, ili TAEC iitwe. Ukiwa umekishika, nawa mikono na usile kabla ya hapo.

Orodha ya kukagua kabla ya kuikubali karatasi

☐ Jina la elementi limeandikwa?
☐ Kipimo kimeandikwa chote, pamoja na herufi ya mbele?
☐ Ni kwa kilo, gramu, lita au saa?
☐ Mbichi au mkavu?
☐ Tarehe ya kipimo ipo?
☐ Kuna alama "<"?
☐ Kikomo kinacholinganishwa ni cha elementi ileile na kipimo kilekile?
☐ Ni cheti chenye jina la maabara, au ni namba iliyoandikwa kwa mkono?

Ukikosa jibu la mojawapo, omba nakala ya cheti chenyewe kabla ya kujadili bei.

Jaribu mwenyewe

a) Seziamu-137, nCi/kg 2, ni Bq/kg ngapi?
b) Picha ya kifua yenye mrem 10 ni mSv ngapi?
c) Pweza A ana Bq/kg 30 za potasiamu-40, pweza B ana Bq/kg 3 za poloniamu-210. Kilo moja ya yupi ina dozi kubwa kwa mtu mzima?

Majibu: a) 74. b) 0.1. c) B: µSv 3.6 dhidi ya µSv 0.19, ingawa bekereli zake ni sehemu ya kumi ya za A.